Chumba Nilichokipangisha Kikiwa na Mtu Ndani

Nimeacha udalali wa vyumba kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya kuchoshwa na watu. Kariakoo ya sasa ni ya ngazi. Zamani nyumba zetu zote zilikuwa za chini: unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbini, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, unatokea uani penye jiko na choo, umemaliza. Sasa mteja anataka kuona chumba ghorofa ya saba, na ukiuliza lifti unaambiwa fundi ameshaitwa. Fundi huyo ameitwa tangu jengo lilipofunguliwa.

Ninawaandikia nyinyi madalali vijana mnaokaa kwenye viti vya plastiki pale kona, kila mmoja na simu mbili. Mnanisalimia vizuri, "Shikamoo mama," halafu mnaanza utani. Juzi mmoja wenu kaniuliza, "Mama Eme, enzi zenu picha za vyumba mlikuwa mnachora kwa mkaa?" Hatukuchora wala hatukupiga. Tulimchukua mtu kwa miguu tukampeleka. Sisemi kwamba picha ni mbaya. Nasema picha haina joto, haina harufu, na haimwonyeshi jirani.

Chumba kiendeeni saa saba mchana, jua likiwa la utosi, ndipo mtajua bati limekaa chini kiasi gani. Tazameni ukuta. Chokaa mpya iliyopakwa kutoka sakafuni mpaka magotini na kuishia hapo inaficha mstari wa maji ya mvua. Msiulize kama maji yanatoka, maana kila mtu atasema yanatoka. Ulizeni yanatoka siku gani, muone kama wapangaji wawili watataja siku moja. Hesabuni kamba za kuanikia nguo uani. Kila kamba ni familia, hata kama mwenye nyumba amewaambia wapangaji wako wanne tu.

Kazi hii sikuisomea. Hata shule yenyewe sikuimaliza. Baba na mama walifariki mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita. Nilikuwa na wadogo zangu watatu nyuma yangu: Fidelis, Otilia na Kastori. Ndugu wa Masasi walitaka kutugawana, huyu aende kwa shangazi, yule kwa baba mdogo. Nikawaambia hatugawanyiki. Nikaacha shule, nikaenda kuosha vyombo kwa mama ntilie mmoja nyuma ya soko, na jioni narudi Buguruni kwenye chumba chetu kimoja. Wapagazi wakila wanazungumza. Huyu kagombana na mwenye nyumba, yule kapata uhamisho, fulani anarudi kwao. Nikagundua kwamba nikiosha masufuria nasikia vyumba vinavyokuwa wazi kabla mtu mwingine hajajua.

Aliyejua thamani ya masikio yangu alikuwa Mzee Nandonde, dalali mkongwe, mtu wa kusini kama sisi. Alikuwa mwembamba, anavaa koti la suti juu ya msuli. Akaniambia, "Binti, wewe una gazeti kichwani na unaosha nalo sahani." Nikawa nampa habari, naye ananipa fungu langu. Baadaye nikawa natembea naye, na mwisho nikatembea peke yangu.

Mzee Nandonde alikuwa na kanuni mbili, na ni lazima niwaeleze zote, kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Ya kwanza ni kuonyesha pacha. Nyumba zile vyumba vilikuwa vinafanana. Chumba unachokipangisha kikiwa bado kimefungwa, unaomba mpangaji wa chumba cha pili yake akufungulie, unamwonyesha mteja, unasema, "Kile ni pacha wa hiki." Ya pili: dalali haulizi uani. "Ukiwauliza wanawake wa uani kama chumba kinaachwa," alisema, "kufika jioni watakuwa wameshampa shemeji yao. Wewe utabaki na vumbi la miguu." Na ni kweli, yalinikuta hayo mara mbili mwanzoni.

Basi kulikuwa na mwenye nyumba mmoja, nitamwita Bwana Nassor. Watu wa kwao walitoka Uarabuni zamani. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa mjini na alikuwa na duka la vitambaa Mchafukoge. Nyumba yake ya vyumba sita ilikuwa Kariakoo. Siku moja akaniita dukani.

"Dada Eme, chumba cha pili kushoto kitakuwa wazi. Mpangaji wangu, yule dereva wa lori, amefariki safarini. Amezikwa kwao Kilwa."

"Pole sana. Na vyombo?"

"Ndugu zake watavifuata. Mwisho wa mwezi tafuta mtu. Awe na familia, awe na kazi."

Mtu nilikuwa naye. Anselmi, fundi cherehani wa Buguruni, alitaka kusogea Kariakoo awe karibu na maduka ya vitambaa. Mkewe, Skola, alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikawapeleka. Chumba cha pili kushoto kilikuwa kimefungwa, pazia limeshushwa. Nikawaonyesha cha kulia. "Kile ni pacha wa hiki," nikasema. Uani walikuwa wanawake watatu wanapepeta mchele. Nikawaamkia, nikapita. Sikuuliza kitu.

Anselmi akalipa kodi ya miezi sita kwa Bwana Nassor, mkataba ukaandikwa. Kwa vile nilikuwa mwepesi wa kazi, na chumba chake cha Buguruni nikakipangisha hapo hapo. Siku ya kuhama, mpangaji mpya alikuwa anapigilia misumari ya pazia kabla kitanda cha Anselmi hakijatoka mlangoni. Nikajiona dalali kamili.

Tukafika Kariakoo na mkokoteni, saa nne asubuhi. Juu kuna kitanda, cherehani, kabati la vyombo, na Skola anatembea pembeni taratibu ameshika kiuno. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza vitumbua barazani, Mama Shani, akasimama.

"Mnahamia wapi?"

"Chumba cha pili kushoto."

"Dada, kile kina mtu."

"Kina vyombo vya marehemu."

"Kina mtu, nakwambia. Bi Mwanahawa yumo ndani, yuko eda. Nani kakwambia kiko wazi?"

Kama mnavyojua, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hukaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Marehemu alizikwa Kilwa, lakini nyumba yao ilikuwa chumba kile. Mwezi na nusu mama yule alikuwa humo humo, wenzake wanamchotea maji. Ningeuliza swali moja tu uani ningeambiwa.

Anselmi akavua kofia. Skola akakaa kwenye ukingo wa baraza. Mvuta mkokoteni akafuta jasho, akaniambia, "Sista, mimi nimekodiwa kuleta. Kusimama sijakodiwa."

Ndani, nyuma ya pazia, sauti ikauliza, "Nani anahamia chumbani kwangu?"

Nikajibu, "Ni mimi, bi mkubwa. Dalali."

"Ingia. Wanawake hawakatazwi."

Nikaingia. Alikuwa mama wa makamo, amevaa nguo nyeupe, amekaa mkekani anadarizi kofia. Kazi yake ilikuwa hiyo: duka moja pale jirani lilimletea kitambaa na nyuzi, na kila wiki lilikuja kuchukua kofia zilizokwisha. Hakunyanyua macho mpaka alipomaliza tundu alilokuwa analizungushia uzi.

"Umekipangisha chumba hiki?"

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Umekiona?"

"Hapana."

"Basi kitazame."

Nikakitazama. Hakikuwa pacha wa kile cha kulia hata kidogo. Kilikuwa na dirisha la upande wa pili, lina upepo, na dari yake ilikuwa imewekwa mbao na marehemu mwenyewe.

"Umekipangisha bei gani?"

Nikamtajia. Akarudi kwenye kofia yake. "Umekitupa," akasema.

Nilitoka pale mbio mpaka Mchafukoge. Bwana Nassor alikuwa anapima kitambaa. Nikamweleza mbele ya wateja, sikungoja.

"Si kazikwa Kilwa?" akauliza.

"Kazikwa Kilwa. Mkewe yuko Kariakoo."

Akaweka mkasi chini. "Astaghafirullah. Mimi nilijua kafuata maiti. Eda haiguswi. Sitakwenda kusimama mbele ya watu msikitini na jambo hilo. Lakini ikiisha, Dada Eme, chumba ni cha fundi. Nimeshapokea, nimeshatia saini, siwezi kuwa mtu wa maneno mawili. Na mkataba na mwanamke peke yake siandiki. Leo yuko peke yake, kesho kaolewa, keshokutwa sijui nani yumo ndani ya nyumba yangu."

Kwa hiyo mambo yakawa hivi. Bi Mwanahawa alikuwa na miezi isiyofika mitatu, kisha atoke. Skola alikuwa na wiki chache ajifungue, hana pa kulaza mgongo, na chumba chake cha zamani nilishampa mtu mwingine kwa mkono wangu. Nikawaambia wapakie tena. Mvuta mkokoteni aliniangalia kama mtu aliyeokota kichaa. "Twende Buguruni," nikamwambia.

"Si ndiko tulikotoka?"

"Ndiyo. Chumba kingine."

Chumba kingine kilikuwa changu. Nilitoa vitu vyetu, nikamwingiza Anselmi na mkewe. Otilia alirudi shule akakuta cherehani mahali pa kitanda chake.

"Dada, sisi tutalala wapi?"

"Natafuta."

"Wewe si dalali?"

Fidelis na Kastori walichukuliwa na Mzee Nandonde. Yeye aliposikia habari alicheka mpaka akashika ukuta. "Katika udalali wangu wote," alisema, "sijaona dalali aliyejipangisha nje mwenyewe." Mimi na Otilia tukabaki. Nikarudi Kariakoo kumwambia Bi Mwanahawa kwamba atamaliza eda yake kwa amani. Akaniuliza fundi kaenda wapi. Nikamwambia. Akauliza mimi nitakwenda wapi. Nikasema natafuta.

"Mlete mdogo wako," akasema. "Kitanda kile ni kikubwa na mimi usingizi sina. Angalau nisikie mtu anapumua."

Ndivyo nilivyokwenda kuishi kwenye chumba nilichompangishia mtu mwingine. Tulikuwa tunatoka na kuingia sisi, yeye anabaki. Otilia alifanyia kazi zake za shule mkekani, huku Bi Mwanahawa anamsikiliza akisoma kwa sauti na kumwuliza maswali ambayo mwalimu wake hakuyauliza. Mimi nilikuwa na kazi moja: kumtafutia mama yule chumba kabla eda haijaisha. Nilidhani kwa dalali ni jambo dogo.

Hapa niwaambie kuhusu soko lenyewe, maana mnaweza kufikiri ugumu umeanza na nyinyi. Wakati ule ndipo vyumba vya mbele vilipoanza kugeuzwa fremu. Mwenye nyumba anabomoa ukuta wa barazani, anatia mlango wa chuma, anampa mfanyabiashara. Fremu moja inalipa kuliko familia nne, na haipiki, haifui, haizai. Nami nilipangisha fremu hizo, sitajitoa. Nyumba ikipoteza vyumba viwili vya mbele, vinne vinavyobaki vinapanda. Baadaye wakaja wajenzi wenye kukubaliana na warithi, nyumba nzima ikaangushwa, likasimama ghorofa, warithi wakapewa sehemu yao juu. Nyumba ya Bwana Nassor nayo haipo leo. Pale ni stoo za mabegi kutoka chini mpaka juu. Hapana mtu anayelala mle isipokuwa mlinzi.

Nilizunguka Kariakoo yote, nikashuka Mchafukoge, nikaenda mpaka Buguruni. Kila nilipotaja mpangaji, sura zilibadilika. "Mjane? Kodi atatoa wapi?" "Peke yake? Hapana, mimi nina wapangaji wanaume, sitaki maneno." Mmoja alikubali vizuri, halafu akanyoosha ndevu akasema yeye mwenyewe atakuwa anakuja kumjulia hali. Huyo nilimwachia mlango wazi nikaondoka. Mbagala vilikuwepo vyumba, lakini kazi ya kofia ilikuwa Kariakoo. Kule nauli ingekula nyuzi zote.

Kila jioni Bi Mwanahawa aliniuliza, "Leo?"

"Bado."

"Haya. Kesho nayo siku."

Hakuwahi kunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Siku tatu kabla eda haijaisha nilikwenda Buguruni kumwambia Anselmi ajiandae kuhama. Skola alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike. Nilimkuta amekaa mlangoni pangu, yaani pake, anamnyonyesha, na jirani mmoja anamkorogea uji.

"Dada Eme," akasema, "mimi sihami."

"Kariakoo mmeshalipa, Skola."

"Mwambie huyo," akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Mimi hapa bomba liko hatua nne. Mama huyu ndiye aliyenizalisha. Mume wangu kashapata wateja wa sare za shule mtaa mzima. Kule nilikokwenda nikakuta mjane ndani, mguu wangu umekataa."

Anselmi akakohoa. "Dada, nilikuwa nakuja kukwambia. Kodi ya kule wewe kaa nayo, ya hapa nitalipa mimi. Mkataba wangu ufute."

Nikarudi kwa miguu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na chumba mkononi na mpangaji wake yumo ndani tayari. Kilichobaki ni Bwana Nassor.

Siku eda ilipoisha wanawake wa nyumba walimwogesha Bi Mwanahawa, wakamsomea dua, wakamvika kanga mpya. Kesho yake tukakaa barazani: yeye, mimi, mjumbe wa mtaa, na Bwana Nassor na karatasi zake, mkataba wa Anselmi ukiwa umeshafutwa. Fidelis alikuja kutusaidia kuingiza kabati letu chumbani.

Bwana Nassor akamwona. "Tumalize vizuri. Tumwandike kijana huyu. Ni mwanamume, ana ndugu zake ndani, mambo yanakaa sawa."

"Mimi?" Fidelis akasema. Alikuwa na miaka kumi na saba.

"Huyu hajui hata bei ya gunia la mkaa," nikasema.

Bi Mwanahawa akamgeukia mwenye nyumba. Akasema, "Bwana Nassor, mume wangu aliandikwa hapa miaka kumi na minne. Uliwahi kumdai?"

"Sijawahi, Mungu amrehemu."

"Mume wangu alikuwa dereva. Mwezi ana safari, miezi miwili hana. Kodi yako ilikuwa inatoka kwenye sindano yangu. Ulikuwa unapangisha kwangu miaka yote. Leo ndiyo unaambiwa tu."

Mjumbe akatazama chini. Bwana Nassor akazungusha kalamu vidoleni, akanitazama mimi kana kwamba udalali wangu ungemsaidia. Haukumsaidia. Akasogeza karatasi kwangu. "Mwandiko wako mzuri. Andika Mwanahawa."

Nikaandika. Nilidhani tumemaliza, nikampa Bwana Nassor asaini.

"Bado," Bi Mwanahawa akasema. "Ongeza na hili. Mpangaji akifiwa, chumba chake hakionyeshwi wala hakipangishwi mpaka msiba wake uishe."

"Mikataba haina maneno hayo," mjumbe akasema.

"Huu utakuwa nayo."

Bwana Nassor akatabasamu. "Na mwenye nyumba je? Nikifa mimi?"

"Ukifa wewe, mkeo atakaa eda yake kwa raha. Kodi tutampelekea mpaka mlangoni."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa. Kisha akatia saini.

Mimi na Otilia tuliishi na Bi Mwanahawa chumbani mle mpaka nyumba ilipouzwa. Mstari ule sijui kama ungesimama mahakamani, sijawahi kwenda kuupima. Lakini tangu siku ile niliuandika kwenye kila mkataba uliopita mikononi mwangu, na uani nikawa nauliza kwanza, hata kama shemeji za watu walinipokonya vyumba kadhaa. Kuna wenye nyumba waliosoma mstari ule wakakataa. Hao sikuwapelekea mpangaji.

Nimeziona fomu zenu zilizochapwa. Ni nzuri, zina mistari iliyonyooka. Pale chini, juu ya mahali pa saini, pamebaki nafasi ya kutosha.